Uzito wa Oili ya Injini

Uzito wa oili ni kiwango cha ugumu wake wa kutiririka. Mfumo wa kuupanga wa SAE, chama cha wahandisi wa magari, ulianza Marekani mwaka 1911. Katika namba kama 15W-40, 15W huonyesha hali ya oili kwenye baridi. 40, injini ikishapata moto.

Soweto, jijini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, asubuhi za Juni na Julai huwa baridi kali. Hapo oili nzito huchelewa kufika kwenye kemshafti, vyuma vikasagana. Injini pia hutumia nguvu kuisukuma. Oili sahihi huokoa asilimia 1 hadi 2 ya mafuta.

Lakini lori lenye shehena likipanda mlima Kitonga, Iringa, injini hupata moto na utando wa oili nyepesi mno huisha, beringi zikaliwa. Fuata namba iliyo kwenye kitabu cha gari.