Nyumba ya Mgongoni
Familia ya Nyeri ilijikinga na mafuriko kabla mvua haijaanza, kwa kuchagua mahali pa kujenga. Wakikuyu wa zamani wa huko waliweka makazi juu migongoni mwa vilima, na mabonde ya mito kama Chania na Gura wakayaachia nduma na miwa, mimea ipendayo maji. Atasema mtu kwamba mvua kubwa haichagui nyumba: ya 1961 ilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita moja, na ya El Niño, 1997, iliporomosha udongo Murang'a. Ni kweli, mteremko nao huua. Lakini huua zaidi pale miti ilipofyekwa na udongo ukakatwa kupata kiwanja. Na ardhi iliyogawanywa kila kizazi imewanyima wengi nafasi ya kuchagua.