Msala na Kifuniko Chake

Katika nyumba za mawe za miji ya kale ya Waswahili choo (adabu ya lugha yetu hukiita msala) kilikuwamo ndani. Pwani ya Cabo Delgado, wengi wa nyumba za udongo na makuti waliutumia ufuo, maji yakijaa yaoshe.

Baada ya uhuru wa 1975, Msumbiji iliwahimiza raia wachimbe vyoo, vingi vilibomoka. Mwaka 1979, mjini Maputo, Björn Brandberg alibuni bamba la saruji lililobinuka, lisilohitaji nondo, lenye kifuniko kinachobana tundu. Kwetu sisi, ufundi wote umo katika kifuniko: harufu hufungiwa, nzi hukosa njia.

Lakini Paquitequete, mtaa wa bondeni mjini Pemba, shimo huwahi kukutana na maji. Na Oktoba 2020, wakimbizi wa vita kutoka kaskazini walishukia ufuo huohuo kwa maelfu.