Ushahidi wa Karatasi: Taarikhi ya Magari ya Kughushi ya Marekani

Kwa modeli za mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ya Marekani, ambayo mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, ilichukua gari lake la wastani, Tempest LeMans, ikalitia injini ya inchi za ujazo 389 na kulipa jina la GTO. Na kwa kuwa General Motors, iliyoimiliki Pontiac, ilikwisha harimisha injini iliyozidi inchi 330 katika magari ya kadiri ile, wakuu wa Pontiac walifanya hila ya kuliuza, si kama gari jipya, bali kama nyongeza ambayo mnunuzi aliilipia chini ya dola 300 juu ya bei ya kawaida. Katika hila hiyo ndimo ilimopata nafasi hadaa inayowasumbua wanunuzi hadi leo, kwani nambari ya chasisi ya GTO za 1964 na 1965 haikupambanuliwa na ya LeMans. Mwaka 1966 ndipo GTO ilipopewa tarakimu zake, 242.

Chevrolet, walakini, ilikwenda kinyume. Nambari za Chevelle SS za 1966 hadi 1968 zilianza na 138, lakini tangu 1969 SS ikawa nyongeza tu, na nambari ikawa haisemi neno. Basi SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6, nguvu farasi 450, gari linalotamaniwa kupita mengi ya zama zake, ndiyo iliyo rahisi kughushiwa: Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, hubadilishwa boneti, nembo na injini, na jicho likaridhika. Chrysler ilikuwa na hadhari zaidi, maana katika magari yake ya Plymouth na Dodge ya 1970 na 1971 herufi ya tano ya nambari ya chasisi, ikiwa R, hushuhudia injini ya Hemi, na kuichezea nambari hiyo ni jinai.

Mchunguzi mahiri hutazama kwanza injini, ambayo General Motors tangu 1968 iliipiga chapa ya sehemu ya nambari ya gari. Uso wa injini uliosuguliwa ukapigwa chapa upya humtia shaka, na tarehe ya kusubiwa chuma ikiwa ni ya baada ya gari kuundwa, shauri limekwisha. Kisha hutafuta waraka wa kiwandani, ambao aghalabu uliachwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya viti. Wenye Pontiac huomba nakala za daftari kwa Pontiac Historic Services, na wenye Ford za tangu 1967 kwa Kevin Marti, mhifadhi wa daftari za Ford. Wenye Chevrolet za Marekani hawana daftari la namna hiyo, ingawa za Kanada zilihifadhiwa.

Kuiga gari kwa dhahiri si kosa. Kosa ni kuuziana mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huomba karatasi kabla ya kusikiliza mngurumo, na muuzaji asipokuwa nayo, hulipwa bei ya Malibu.