Tufani za Bahari ya Hindi na Mvua ya Uluguru

Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash bin Said akiwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha ufalme, tufani kubwa iliishukia Unguja, ikavunja merikebu zake na majahazi ya wafanyabiashara bandarini, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, ilhali Pemba ilisalimika na tangu hapo ikaipita Unguja kwa zao hilo. Hapakuwa na mtu wa kuonya. Manahodha waliozijua kusi na kaskazi hawakuwa na sababu ya kuitazamia dhoruba ya namna ile, kwani vimbunga ni nadra karibu na Ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia ipindayo pepo ni dhaifu.

Elimu yenyewe, hata hivyo, ilikwisha kuanza baharini humo humo. Kisiwani Mauritius, Charles Meldrum aliasisi chama cha elimu ya hali ya hewa mwaka 1851, akawa akikusanya daftari za merikebu zilizopita, ili kutokana na pepo walizoziandika manahodha apate kujua kimbunga kilipita wapi. Ni katika kituo cha uchunguzi cha kisiwa hicho alikotoka Albert Walter, aliyekabidhiwa idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929. Idara hiyo ilitegemea mno watu wa kujitolea, wamisionari na wenye mashamba, waliopima mvua kila asubuhi na kuiandika. Lakini kipima-mvua hakioni ng'ambo ya bahari, na kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 kilizaliwa mahali pasipo na mtu wa kukitazama.

Macho hayo yalipatikana angani. Marekani ilirusha setilaiti ya TIROS 1 tarehe 1 Aprili 1960, na katika miaka ya sabini Vernon Dvorak akatunga njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa umbo la mawingu yake. Meteosat ya Ulaya ilifuata mwaka 1977, nayo, kwa kuwa ilisimama juu ya Ghuba ya Guinea, iliitazama Bahari ya Hindi kwa upogo. Ndipo mwaka 1998 Meteosat-5 iliposogezwa mashariki, ikaikabili bahari yetu waziwazi. Matunda ya macho hayo ya angani yalidhihirika Mei 2024: Kimbunga Hidaya kilifuatiliwa na kituo cha vimbunga cha Réunion na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku kadhaa kabla ya kufika kisiwa cha Mafia, na wavuvi wakaonywa wasitoke.

Amma milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inaudhihirisha upungufu wa macho hayo. Milima hii, yenye vilele vipitavyo mita 2,600, huzuia upepo wa mashariki utokao baharini na kuulazimisha kupanda, hata miteremko ya upande huo ikapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mji wa Morogoro, ulio chini yake upande wa pili, haupati hata nusu ya kiasi hicho. Mawingu ya mvua hii aghalabu si marefu, na vilele vyake si baridi sana. Basi setilaiti ipimayo joto la vilele vya mawingu huyadhania kuwa hayana maji mengi. Hata rada zilizopandishwa angani, ya setilaiti ya TRMM mwaka 1997, iliyokoma mwaka 2015, na ya GPM mwaka 2014, zimekuwa zikipita juu ya mahali kwa vipindi tu, tena mwangwi wa mlima wenyewe huzitatiza.

Na uhusiano wa vimbunga na mvua hii haumhusu mtaalamu peke yake. Kimbunga kilicho karibu na Madagaska chaweza kuzivuta pepo zenye unyevu zisifike kwetu, au chaweza kuleta upepo wa magharibi wenye mvua nyingi, kwa kadiri ya mahali kilipo; hivyo mkulima wa Matombo, huko huko Uluguru, hupata au hukosa masika kwa dhoruba asiyoiona maisha yake. Mto Ruvu nao huanzia huku, na Dar es Salaam huunywa.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka, na wanachuo wa Chuo Kikuu cha Sokoine walio chini ya milima hii, wasiviache vipima-mvua vya Uluguru vikafa kwa kudhani kwamba setilaiti imevirithi. Vitengenezwe, viongezwe miteremkoni, na msomaji wa kila kipimo alipwe ujira wake.