Drifti si Resi: Sheria za Kupitana Ambazo Kila Msee wa Garissa Anafaa Kujua

Klipu za drifti zimejaa kwa simu za vijana kutoka Garissa hadi Mandera. Ndai mbili zinateleza kando kando, moshi umefunika kila kitu na mashabiki wanapiga nduru. Ukiangalia haraka haraka utadhani dere wa nyuma anatafuta njia ya kumpita wa mbele. Zii. Kwa drifti ya mashindano, kumpita mwenzako hakukupi ushindi. Ukimpita vibaya, unaenda nyumbani.

Hii hapa rada yote.

Drifti ni nini hasa?

Dere anafanya tairi za nyuma ziteleze makusudi, anazungusha usukani upande wa pili ili ndai isizunguke, halafu anaishikilia hivyo kona baada ya kona bila kuachilia mafuta. Mchezo ulikulia Japan, na jina ambalo halikosi kutajwa ni Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa 1956, ambaye mashabiki humwita Mfalme wa Drifti. Mashindano makubwa ya D1 Grand Prix yalianzia huko Japan mwaka wa 2000. Formula Drift ya Marekani ilianza msimu wake wa kwanza 2004, na 2017 shirikisho la magari duniani, FIA, likaandaa kombe lake la kwanza la drifti jijini Tokyo.

Hakuna anayeshinda kwa kufika mapema. Majaji wanaangalia mambo matatu: njia uliyofuata, ndai imelala kwa pembe gani, na madaha yako.

Mbele na nyuma

Baada ya mchujo, madere wanapangwa wawili wawili. Wanakimbia mara mbili: mara ya kwanza huyu yuko mbele, mara ya pili wanabadilishana. Kwa hivyo hakuna anayeweza kulia kwamba alionewa kwa kuwekwa nyuma.

Kazi ya wa mbele ni kufuata njia ambayo majaji walieleza kabla ya mashindano, kwa spidi inayofaa, bila ujanja. Kazi ya wa nyuma ni kumganda kama kivuli: aingie kona naye, abadilishe upande naye, akae karibu bila kumgusa. Ukikaa mbali unapoteza pointi. Ukikaribia sana ukamgonga, unaweza kupoteza pambano lote.

Unaruhusiwa kupita lini?

Kila ligi ina kitabu chake, lakini msingi ni huu:

1. Wa mbele awe ametoka nje ya njia au drifti yake imekufa, kwa mfano amezunguka au ndai imenyooka. Kama bado yuko kwa njia yake, huna ruhusa hata kama wewe una spidi zaidi.
2. Unapita ukiwa bado unateleza. Kunyoosha ndai na kupiga mbio kama uko kwa hailwei hakuhesabiwi.
3. Unapita bila kumzuia wala kumhatarisha, na unabaki kwa njia inayotakiwa.

Ukikosa moja, majaji wanakukata.

Wakigongana, nani wa kulaumiwa?

Hapa ndipo mashabiki hukosana. Wengi hufikiri wa nyuma ndiye mwenye makosa kila mara, kama vile ajali nyingi za barabarani zinavyosemwa. Kwa drifti sivyo. Majaji wanauliza: nani alifanya kitu ambacho mwenzake hangeweza kukitarajia? Wa mbele akishika breki ghafla mahali ambapo hakuna anayeshika, au akipunguza spidi makusudi ili mwenzake amparamie, kosa ni lake. Wa nyuma akiingia kwa pupa na kumgonga mtu anayefuata njia yake sawasawa, kosa ni la wa nyuma. Kuguswa kidogo ambako hakumwondoi mtu kwa njia yake mara nyingi huachwa kupita. Majaji wakishindwa kuwatenganisha, wanarudia pambano.

Yaani sheria nzima inasimama juu ya kitu kimoja: kuaminiana. Wa nyuma anaweza kukaribia hivyo kwa sababu anajua wa mbele atafanya nini.

Sasa Garissa inaingia wapi?

Uwanja mpana na mchanga hatukosi, na hapo ndipo kuna noma. Kwa lami wa nyuma anaona tairi za mwenzake. Kwa mchanga anaona vumbi tu. Ndiyo maana hata kwa Safari Rally, iliyorudi kwenye ratiba ya dunia 2021 kule Naivasha, madereva huachiliwa mmoja mmoja, kwa mwachano wa dakika kadhaa, vumbi litulie. Mbogi inayofukuzana kwa mchanga bila mwachano haichezi drifti. Inabahatisha.

Na barabara ya A3, ile ya Thika, Mwingi hadi Garissa, si uwanja kabisa. Kuna mabasi, malori ya mifugo, ngamia wanaovuka bila kuuliza mtu, na mstari usiokatika unaokukataza kupita. Hakuna jaji hapo wa kurudia pambano. Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya kunaweza kukufunga hadi miaka 10.

Wale wenye ndugu Jeddah na Riyadh wanajua tafhiit, drifti ya barabarani ya Saudia, imemaliza vijana wangapi. Mwaka wa 2016 serikali ya huko iliweka faini ya riyali 20,000 kwa kosa la kwanza, na gari linashikwa siku 15. Ukirudia, faini inapanda.

Ukitaka kucheza kihalali

Mwenye mamlaka ya michezo ya magari nchini ni Kenya Motor Sports Federation, KMSF, inayotambuliwa na FIA. Huko ndiko mbogi inafaa kuuliza kuhusu leseni na masharti ya kuandaa tukio. Anayeanza anaweza kuingilia kwa autokrosi, ambapo unakimbizana na saa wala si na ndai ya jirani.

Kabla ya kuwasha ndai, hakikisheni haya yapo: helmeti, mikanda, ambulansi, kizima moto, mashabiki wamesimama mbali nyuma ya kizuizi, na mtu mmoja mwenye bendera ambaye neno lake ndilo la mwisho. Huyo wa bendera akikosa, hakuna wa kusema nani alipita vibaya, na ubishi utaamuliwa hospitali au kwa karao.