Baharia wa St Ives Aliyewafunza Wachoraji Kuiona Bahari

Kabla ya kuwa mji wa wachoraji, St Ives ulikuwa mji wa dagaa. Uko Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, juu ya rasi iliyoingia baharini hata maji yakaizunguka karibu pande zote. Katika karne ya 19 riziki ya wenyeji ilitokana na samaki wadogo wenye mafuta mengi, waliokuja kwa makundi makubwa mwishoni mwa kiangazi. Walinzi walikaa juu ya vilima wakiitazama bahari, na walipoona maji yamegeuka rangi kwa wingi wa samaki walipiga ukelele, mashua zikatoka kwenda kuwazingira kwa nyavu. Nchi kavu wanawake waliwapanga dagaa hao kwa chumvi, tabaka juu ya tabaka, kisha mapipa yakapelekwa Italia, ambako Wakatoliki waliwahitaji wakati wa Kwaresima. Majengo ya ufukweni yalijengwa kwa ajili ya kazi hiyo: chini ghala la samaki, juu dari pana la kushonea matanga na kutengenezea nyavu.

Ninaanza na majengo kwa sababu sanaa ya mji huu ilizaliwa humo. Reli ilifika mwaka 1877, wakati dagaa walikuwa wameanza kuadimika, na madari mengi yakabaki matupu. Wachoraji walioshuka kwenye garimoshi waliyapenda mara moja. Yalikuwa makubwa, kodi yake ilikuwa ndogo, na yale ya ufukwe wa Porthmeor yalitazama kaskazini, upande ambao jua la Ulaya haliingii moja kwa moja, hivyo mwanga wake hutulia kutwa nzima. Mchoraji mwenye dirisha la namna hiyo hana haja ya kukimbizana na kivuli. Whistler wa Marekani alikuja na mwanafunzi wake Sickert majira ya baridi ya 1883 hadi 1884. Kufikia mwaka 1890 wachoraji walikuwa wengi kiasi cha kuwa na klabu yao wenyewe karibu na gati.

Ukumbi wa maonyesho haukuwepo bado. Kila mwaka, kabla ya picha kupakiwa kwenye treni kwenda London kushindania nafasi katika Royal Academy, wachoraji walifungua milango ya madari yao, na watu wa mji wakapita mmoja mmoja kutazama. Wavuvi waliona mashua zao zimechorwa, wakatoa maoni yao kuhusu kamba zilizofungwa vibaya na foromali zilizowekwa pasipo mahali pake. Naipenda desturi ile. Picha ilipimwa kwanza na macho ya wanaoijua bahari, ndipo ikaenda kupimwa na mabwana wa mji mkuu.

Mwaka uleule wa 1890 alihamia mjini mtu mwingine ambaye hakuna mchoraji aliyemtilia maanani. Alfred Wallis alikuwa amezaliwa Devonport, karibu na Plymouth, mwaka 1855. Alikuwa amevua samaki na kusafiri kwa meli za matanga hadi Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki. Akiwa na umri wa miaka 20 alimwoa Susan Ward, mjane mwenye watoto aliyemzidi zaidi ya miaka 20, akawa baba wa kambo mapema hivyo. St Ives alifungua duka la kununua na kuuza vitu vya baharini vilivyochakaa: kamba kuukuu, matanga, vyuma. Duka lilifungwa mwaka 1912. Susan alifariki mwaka 1922, na mzee akabaki peke yake katika nyumba ndogo ya Back Road West, hatua chache kutoka Porthmeor. Akaanza kuchora ili apate cha kumliwaza. Alikuwa anakaribia miaka 70 na hakuwahi kufundishwa.

Mwezi Agosti 1928 wachoraji wawili vijana, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wakirudi kutoka ufukweni wakapita mbele ya mlango wake. Ulikuwa wazi. Ndani waliona picha za meli na nyumba zimepigiliwa ukutani kwa misumari, zimechorwa kwa rangi ya kupakia mashua juu ya vipande vya kadibodi vilivyokatwa kutoka maboksi ya dukani. Wood alikuwa ameishi Paris na kuwajua wakubwa wa sanaa ya huko. Nicholson alikuwa mtoto wa mchoraji mashuhuri, akitafuta namna ya kujivua ufundi aliorithi. Wote wawili walisimama pale wakijua kwamba wanachokitafuta kipo mbele yao.

Ni nini walichokiona? Jibu jepesi ambalo limerudiwa kwa miaka mingi ni kwamba Wallis alichora kama mtoto. Sikubaliani nalo hata kidogo. Mtoto hajui jinsi meli inavyoinama upepo unapoipiga ubavuni, wala hajui ni tanga lipi hupunguzwa kwanza dhoruba ikija. Wallis alijua. Katika picha zake mashua hupewa ukubwa kwa kadiri ya uzito wake maishani: chombo alichosafiria ni kikubwa kuliko mtaa mzima, mnara wa taa ni mkubwa kuliko kilima, nyumba za matajiri ni vidoa tu. Bandari huonekana kwa juu huku meli iliyomo ikionekana kwa ubavu, kama nahodha anavyoikumbuka, kwa sababu nahodha huibeba bandari kichwani kutoka pande zote: wapi pana mwamba, wapi maji hupwa mapema, wapi nanga hushika. Mchoraji wa ufukweni huona bahari kutoka mahali pamoja aliposimama. Wallis aliichora kutoka ndani.

Rangi zake zilikuwa chache, na uchache huo ulikuwa na akili yake. Kijivu, nyeupe, nyeusi, kahawia, kijani cha giza. Bahari ya kaskazini kweli ndivyo ilivyo siku nyingi, si ile buluu ya kwenye kadi za posta. Kadibodi ikiwa imekatwa upande, aliiacha hivyo na kuifanya meli ipande kwa kufuata mkato. Mahali pengine aliiacha bila rangi, na kadibodi tupu ikawa mchanga. Alichora kwa kumbukumbu, dunia ya matanga ambayo injini zilikuwa zimeifuta. Picha yake ya safari ya Labrador, iliyochorwa katikati ya miaka ya 1930 na sasa inayohifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate, ina meli kati ya barafu, na ukiitazama unahisi baridi ya mtu aliyekuwepo.

Wood alijifunza upesi, na mashua za Cornwall zikajaa katika picha zake za mwisho, lakini alikufa mwaka 1930 akiwa hajafika miaka 30. Nicholson aliishi na somo lile muda mrefu. Alijifunza kwamba picha ni kitu chenye uso, unene na kingo, hata ikiwa haionyeshi mandhari yoyote. Alimjulisha Wallis kwa rafiki yake Jim Ede, aliyefanya kazi Tate jijini London, na mzee akawa anamtumia Ede mafurushi ya picha kwa posta, naye Ede akichagua na kumlipa shilingi chache kwa kila moja. Zaidi ya 100 ziko leo Kettle's Yard, nyumba ambayo Ede aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1966.

Fedha hiyo haikumtoa Wallis katika umaskini. Mwaka 1941, akiwa dhaifu, alipelekwa kwenye makao ya mafukara ya Madron, karibu na Penzance. Huko aliendelea kuchora kwenye madaftari aliyoletewa, hadi alipofariki Agosti 1942. Wasanii waliokuwa karibu walizuia asizikwe katika kaburi la mafukara. Amezikwa Barnoon, makaburi yanayotazama ufukwe wa Porthmeor, na mfinyanzi Bernard Leach alilifunika kaburi lake kwa vigae vyenye mchoro wa mtu mdogo mwenye mkongojo akiingia katika mnara mkubwa wa taa. Linanichoma jambo hili: mji ulikuwa umejaa watu waliojua thamani ya kazi yake, na bado alifia Madron.

Kufikia wakati huo hofu ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa imeleta wageni wengine. Agosti 1939 Nicholson na mkewe, mchongaji Barbara Hepworth, walihama London na watoto wao watatu waliozaliwa pamoja, wakapokewa Carbis Bay, jirani na St Ives. Mchongaji Mrusi Naum Gabo akawafuata. Mwaka 1946 Hepworth alichonga *Pelagos*, kipande cha mti kilichojikunja kama mawimbi mawili yanayotaka kukutana, ndani kimepakwa rangi ya samawati, na nyuzi zimevutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Alieleza kwamba umbo hilo lilitoka katika kuitazama ghuba ya St Ives, mikono miwili ya nchi kavu ikiikumbatia bahari. Nyuzi ni ule mvutano aliouhisi mwilini kati yake na maji, upepo na vilima.

Kazi moja ya Hepworth inagusa upande wetu wa dunia. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa rafiki na mpenzi wa kazi zake. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola Septemba 1961, akiwa njiani kutafuta suluhu ya vita vya Katanga, Congo. Hepworth alimwekea kumbukumbu ya shaba iitwayo *Single Form*, yenye urefu wa zaidi ya mita 6, iliyosimamishwa mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York mwaka 1964. Umbo lake lilikomaa kwenye karakana ya Trewyn, katikati ya St Ives, ambako aliishi hadi alipofariki kwa moto mwaka 1975. Bustani yake sasa ni makumbusho, vinyago vimesimama kati ya miti pale alipoviweka.

Mtu aliyeunganisha vizuri zaidi mkono wa mwenyeji na elimu ya wageni alikuwa Peter Lanyon, mzaliwa wa St Ives, mwaka 1918. Alifundishwa na Nicholson, lakini hakutaka bahari safi isiyo na watu. Katika *Porthleven* ya mwaka 1951 bandari imepinduliwa na kuonekana kutoka mbele, nyuma na juu kwa wakati mmoja, na hapo Wallis yumo bila kutajwa. Lanyon alipanda majabali, akalala ukingoni, na mwaka 1959 akaanza kurusha ndege isiyo na injini ili auone ufukwe jinsi shakwe anavyouona. Alifariki mwaka 1964 baada ya ajali ya ndege hiyo.

Nao ukumbi wa maonyesho? Wasanii waliupata kanisani. Mwaka 1945 chama cha wachoraji wa mji kiliingia katika kanisa la zamani la mabaharia. Wazee wa mtindo wa kale walitawala ukumbi, na vijana walipewa kona yenye giza. Lanyon na wenzake wakashuka chini, kwenye chumba kilichokuwa chini ya sakafu ya kanisa, wakaonyesha kazi zao humo mwaka 1946, 1947 na 1948. Mwaka 1949 walijitenga na kuanzisha Penwith Society, rais wao wa kwanza akiwa mwanafalsafa wa sanaa Herbert Read. Haukupita muda wakagombana wao kwa wao, kwa sababu ya kanuni iliyowagawa wanachama katika makundi ya wa kale, wa kisasa na mafundi wa mikono; Lanyon akajitoa kwa hasira. Mwaka 1961 Penwith wakapata jumba lao Back Road West, mtaa wa Wallis, katika jengo lililokuwa la kupakia dagaa.

Kiwanda cha ufinyanzi cha Leach nacho, kilichoanzishwa St Ives mwaka 1920 pamoja na Mjapani Hamada Shoji, kilitoa mbegu zilizofika mbali. Mwanafunzi wake Michael Cardew alikwenda Nigeria na kuanzisha kituo cha ufinyanzi katika mji ulioitwa Abuja wakati huo, ambako mfinyanzi mkubwa Ladi Kwali alifanya kazi. Katikati ya miaka ya 1970 alifika hapo kujifunza Magdalene Odundo wa Kenya, ambaye vyungu vyake leo viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Mwaka 2019 alifanya maonyesho makubwa katika jumba la Hepworth Wakefield, lenye jina la yule mchongaji wa Trewyn.

Tate yenyewe ilifungua tawi lake St Ives mwaka 1993, mbele ya Porthmeor, palipokuwa na mtambo wa gesi. Wasanifu Evans na Shalev waliupa mlango umbo la duara la tangi lililobomolewa, na mchoraji Patrick Heron akaweka kioo kikubwa cha rangi. Mwaka 2017 likapanuliwa, na mwaka uliofuata likatuzwa kuwa makumbusho bora ya mwaka Uingereza. Ukitoka nje, makaburi ya Barnoon yako juu yako kilimani.

Umaarufu huo umeleta tatizo ambalo wakazi wa Lamu na Mji Mkongwe watalitambua. Nyumba za wavuvi zimenunuliwa na watu wanaokuja wiki chache tu kwa mwaka, na bei imepanda kupita uwezo wa vijana wa mji, wachoraji wakiwemo. Mei 2016 wenyeji walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakaamua kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi humo kama makazi yao ya kudumu. Waliopinga walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa. Kwa nyumba za zamani kura ile haikuweza kitu.

Madari ya Porthmeor yamesalimika kwa sababu ni mali ya wakfu na hayauzwi. Yalikarabatiwa upya katika muongo uliopita, kuta zikaimarishwa zisimezwe na mchanga. Wachoraji wanakodi vyumba vya juu, vilevile vyenye madirisha ya kaskazini, na wavuvi wangali na vyumba vyao vya chini, wanakohifadhi na kutengeneza nyavu zao.