Noeli ya Mvua

Kadi za Noeli tulizokuwa tukiletewa kutoka Ulaya zilichorwa theluji. Sisi wa Mbulu na Hanang Noeli yetu ni ya mvua, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko hata nyama. Sikukuu yenyewe ililetwa na wamisionari: Wakatoliki, na baadaye Walutheri wa Norwei, wale waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Msimu waliukuta. Desemba watu wako shambani, na Noeli ndiyo siku maksai wanapopumzishwa nira. Watoto huenda kanisani wamebeba viatu vipya mkononi, kwa ajili ya tope; wanavivaa mlangoni.

Tarehe 3 Desemba 2023, mvua hiyohiyo iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wiki tatu baadaye ikawa Noeli. Niliisali nikisikiliza matone juu ya bati. Kila yalipozidi, sauti za waimbaji zilipungua. Tulipotoka nje, wazee walikuwa wakiulizana nani amekwisha kupata mbegu.